Boti ndogo zinafukuza manowari: sasa meli kubwa za nini? (Tumebishana Kibirizi mpaka birika likaisha)

FundiKibirizi, Kigoma

Wakuu habari za jioni. Mimi ni fundi wa injini za boti hapa Kibirizi, hizi za kufunga nyuma. Mambo ya jeshi sijasomea, nikikosea mnirekebishe, msinicheke.

Jana baada ya Magharibi tulikuwa kijiweni watu sita na birika moja la kahawa. Mwenzetu mmoja anayepeleka watalii Gombe akatoa simu, akatuonyesha video ya vita vya Ukraine. Ni usiku, bahari imetulia. Kuna boti nyeusi haina mtu, imelala juu ya maji kama mamba, inaikimbilia meli ya kivita ya Urusi. Meli inafyatua risasi, zinapiga maji tu. Boti ya kwanza inatoboa, nyingine inafuata inaingia ubavuni kwenye tundu. Meli ikalala. Inaitwa Ivanovets, ilikuwa Februari 2024.

Wenzangu walikuwa wanashangilia mlipuko. Mimi nilikuwa naangalia boti. Kwa jicho la ufundi haizidi futi kumi na nane. Hapa kwetu boti ya kukusanyia dagaa ni ndefu kuliko ile! Nikawaza, kama kitu cha kiasi kile kinazamisha meli ya makombora, basi hesabu zote za baharini zimevurugika.

Ndipo ubishi ulipoanza. Mwenzetu wa Gombe anasema manowari kubwa sasa ni vyuma chakavu vinavyosubiri siku yao, nchi yenye akili inunue boti mia za namna ile ikalale. Mimi nikamuuliza, kama ni hivyo, mbona Mchina anazidi kuunda meli za kubeba ndege, na Mmarekani anazo kumi na moja hajauza hata moja? Akakosa jibu. Ila na mimi jibu sikuwa nalo. Tumewekeana kahawa ya wiki nzima na kashata zake, kwa watu wote sita, na hii ni miezi ambayo hela yangu yote imelala kwenye spea. Hapa nilipo nina injini ya nguvu farasi 40 juu ya meza, imezama juzi na boti yake, hata sijaifungua.

Wajuzi nielewesheni. Meli kubwa bado ina kazi gani? Na hao wakubwa wanabadilisha nini hasa? Maana siamini kama wamekaa tu wanaangalia video kama sisi.

Kasulu_Boy

Mshindi wa huu ubishi ni muuza kahawa. Nimekaa pembeni nasubiri wajuzi.

MwalimuTabora

Mleta mada, nafundisha historia sekondari hapa Tabora, na nakwambia mapema uandae hela. Mwenzako wa Gombe ana haki.

Kila zama zina jitu lake majini, na kila jitu lina kidudu chake. Mwaka 1906 Waingereza waliingiza majini Dreadnought, mizinga kumi ya inchi 12, injini za tabaini, mbio kuliko manowari yoyote ya ukubwa wake. Siku ile manowari zote za dunia zikawa mitumba, na nyingi za mitumba hiyo zilikuwa za Waingereza wenyewe! Wakaanza kushindana na Ujerumani kuunda za namna hiyo mpaka vita vikawakuta. Kisha tarehe 10 Desemba 1941, siku tatu tu baada ya Pearl Harbor, ndege za Japani zikazizamisha manowari za Waingereza, Prince of Wales na Repulse, karibu na Malaya, mchana kweupe, meli zikiwa zinakimbia na kupiga risasi. Hapo enzi ya mizinga mikubwa ikafungwa.

Songa mbele. Tarehe 21 Oktoba 1967, boti za Misri zikiwa ndani ya bandari ya Port Said, hazikung'oa hata nanga, zikarusha makombora na kuizamisha manowari Eilat ya Israeli. Mwaka 1982 kombora moja la Exocet likaiunguza manowari Sheffield ya Waingereza, ikazama siku chache baadaye. Na Aprili 2022 ikaja zamu ya Moskva ya Urusi, mita 186, mkubwa wa kundi la Bahari Nyeusi, ikapelekwa chini na makombora ya Neptune yaliyorushwa kutoka nchi kavu. Waliorusha, Ukraine, hawakuwa na jeshi la majini la kutajika. Frigeti yao kubwa waliizamisha wenyewe bandarini Mykolaiv isije ikatekwa.

Wanafunzi wangu huniuliza kwa nini mataifa hayajifunzi. Nawajibu kwamba meli kubwa ni kama gari la bosi, haiulizwi inakula mafuta kiasi gani.

MzeeWaGati, Kigoma

Amani iwe kwenu. Nilikuwa mtu wa injini kwenye meli za ziwa hili tangu 1979 mpaka nilipostaafu. Naandika kwa kidole kimoja na mjukuu yupo pembeni anasahihisha, kwa hiyo nikichelewa kujibu msidhani nimekimbia.

Mwalimu, kila tarehe uliyotaja ni ya kweli. Ila umehesabu meli zilizozama, hukuhesabu mizigo iliyofika. Halafu umetoka Malaya ukaenda Port Said ukaliruka ziwa letu, na jibu la huyu kijana liko humu humu majini, mbele ya dirisha lake.

Mwaka 1915 Mjerumani alikuwa na Graf von Götzen hapa Kigoma. Ndiyo hii Liemba. Iliundwa Papenburg, ikafunguliwa, ikapangwa kwenye masanduku yapata elfu tano, ikaletwa Dar es Salaam, ikapanda treni, ikaungwa hapa ribiti kwa ribiti na kuteremshwa majini Februari 1915. Mzinga wake mkubwa, wa sentimita 10.5, ulitolewa kwenye Königsberg, ile manowari iliyokuwa imejificha kwenye delta ya Rufiji.

Hapo Rufiji simama kidogo. Königsberg ilikaa miezi ndani ya mikoko, meli kubwa za Waingereza haziwezi kuingia, maji hayatoshi. Wakaleta mbili za kina kifupi, Severn na Mersey, na juu yake wakarusha ndege iwaambie risasi ya mzinga imeangukia wapi. Julai 1915 ikaisha. Ndege ilikuwa na umri wa miaka kumi na miwili tangu ianze kuruka duniani. Hizi droni za kuelekeza mizinga mnazoziona kwenye simu, babu yao aliruka Rufiji.

Turudi ziwani. Mwenye Götzen alikuwa bwana wa ziwa. Wakati huo hakukuwa na barabara ya maana kandokando ya maji, kwa hiyo mwenye meli ndiye aliyeamua askari wa nani wafike wapi na lini. Mwingereza akafanya jambo ambalo mpaka leo nikilifikiri nacheka. Akachukua boti mbili za petroli, za futi arobaini, akazipakia melini mpaka Cape Town, zikapanda treni mpaka Kongo, zikavutwa na matrekta ya mvuke na ng'ombe kupita milima ya Mitumba, zikarudi kwenye treni, zikaingia mto Lualaba, treni tena, mpaka upande wa pili hapo, karibu na Kalemie ya leo. Mkubwa wao, Spicer-Simson, alitaka kuziita Paka na Mbwa. Wakubwa wake London wakakataa. Akaziita Mimi na Toutou, ambayo kwa Kifaransa cha watoto ni paka na mbwa wale wale. Hakuna aliyestuka.

Tarehe 26 Desemba 1915 wakaiteka Kingani, boti ya Mjerumani. Fundi, hapa ni pako: mzinga wa Kingani ulikuwa unapiga mbele tu. Boti zile zilikuwa na mbio, zikaja kwa nyuma. Dakika kama kumi na moja, kazi imekwisha. Wakaitengeneza, wakaipa jina Fifi, na tarehe 9 Februari 1916 wakaitumia kuizamisha nyingine ya Mjerumani, Hedwig von Wissmann.

Hapo mwenzako wa Gombe atapiga makofi. Amwambie muuza kahawa asubiri. Siku iliyofuata ikatokea Götzen yenyewe, inamtafuta mwenzake. Spicer-Simson akaitazama kwa darubini, akakataza boti zisitoke. Ikapita mbele yao, ikaenda zake, na ikaendelea kuelea mpaka Julai. Juni Wabelgiji walileta ndege za kutua majini wakaitupia mabomu hapa bandarini, nazo hazikuizamisha. Kilichoiua Götzen ni nchi kavu. Wabelgiji walishuka kwa upande wa Ruanda na Urundi, wengine wanalenga Tabora, reli ikawa inaponyoka mikononi mwa Mjerumani. Meli isiyo na reli nyuma yake inabeba nini, inapeleka wapi? Tarehe 26 Julai 1916 mafundi wake wenyewe wakapaka injini grisi nzito na kuizamisha karibu na mdomo wa Malagarasi, wakiwa na nia ya kurudi. Hawakurudi. Waingereza wakaitoa 1924, na 1927 ikaanza kazi kwa jina la Liemba. Grisi ile ilipakwa na watu waliokuwa wanakimbia risasi, na ikashika miaka minane chini ya maji. Nimefanya kazi na mafundi walioshindwa kupaka nati moja wakati wa amani.

Sasa jibu lako. Kumzuia mwenzio asivue ni kazi moja. Kuvua wewe ni kazi nyingine. Boti ya mamba, kombora la ufukweni, bomu la kutegwa majini, vyote hivyo ni vya kuzuia, na kuzuia siku hizi kumekuwa rahisi mno. Lakini havibebi. Ukraine imemtoa Mrusi kwenye bandari ya Sevastopol huko Krimea, meli zake nyingi zimehamia Novorossiysk. Kazi nzuri sana. Kuanzia Agosti 2023 nafaka ya Ukraine ikawa inapita kandokando ya Romania na Bulgaria mpaka Istanbul. Nani aliibeba? Meli kubwa za mizigo. Zile boti za kwenye simu hazikubeba hata debe moja la mahindi. Na Ukraine hao hao, pamoja na ushindi wote ule, hawawezi kupakia askari wakawashushe Krimea, kwa sababu hata na wao wakikusanya meli pale zitakutana na makombora ya mwenzao. Wote wawili wanazuiana.

Na kitu kimoja huwa hakionekani kwenye video. Mrusi alipopoteza Moskva hakuweza kuleta nyingine kutoka bahari zake nyingine. Mturuki alikuwa amefunga milango ya Bosporus na Dardanelles kwa meli za kivita tangu mwisho wa Februari 2022, akitumia mkataba wa Montreux wa 1936. Karatasi ya miaka themanini na sita ilifanya kazi ya manowari kadhaa, na haikula mafuta.

Mjukuu anasema nimeandika kirefu. Naenda kuswali.

MwalimuTabora

Mzee shikamoo. Umenipiga na ziwa lako na mimi natoka mkoa ambao watu wake walilibebea ziwa hilo mizigo ya pembe miaka mingi kabla ya Mjerumani, kwa hiyo nimeumia mara mbili. Nakubali Götzen sikuitaja.

Lakini hujanijibu kuhusu kuzidiwa umbali. Mchina ana kombora la DF-21D linaloweza kutafuta meli baharini kwa umbali wa kilomita kama 1,500, na DF-26 linalokaribia 4,000. Ndege ya kwenye meli ya Marekani haiendi mbali hivyo ikarudi. Sasa meli ya kubeba ndege ya dola bilioni 13, namaanisha Gerald R. Ford, ikikaa mbali kwa usalama wake haifiki, ikisogea inapigwa. Hiyo si meli tena, ni mateka. Na wanaijua hali hiyo, ndiyo maana wanahangaika.

FundiKibirizi

Mzee shikamoo. Mwenzangu wa Gombe nimemsomea yote kwa sauti. Anasema Spicer-Simson aliogopa, na yeye angetoka.

Naomba uniongezee moja. Kama kuzuia ni rahisi, basi mwenye kupita anatumia hela nyingi kuliko anayezuia. Nimesikia kule Bahari Nyekundu Wamarekani walipiga droni za bei ya pikipiki kwa makombora ya bei ya ghorofa. Hapo mtu anadumu vipi?

MzeeWaGati

Marahaba wote wawili. Huyo wa Gombe asitoke, ana abiria.

Ni kweli. Kombora aina ya SM-2 linafika kama dola milioni mbili, na droni ya Wahouthi wa Yemen ni sehemu ndogo sana ya hizo. Tangu walipoiteka meli ya mizigo Galaxy Leader Novemba 2023 wamerusha droni, makombora na boti zisizo na mtu. Meli nyingine ya mizigo, Rubymar, ilipigwa Februari 2024, ikavuja siku nyingi ndipo ikazama. Wakubwa wameweza kuangusha vingi. Lakini mimi mtu wa injini linaniumiza lingine zaidi ya bei. Destroya ya Marekani ina mashimo tisini au tisini na sita ya makombora, yamesimama wima sitahani kama chupa kwenye kreti. Yakiisha, kuyajaza ukiwa katikati ya bahari ni shida kubwa, kwa kawaida meli inarudi bandarini. Piga picha: uko katikati ya ziwa, mawimbi, tanki limekauka, na kituo cha mafuta kiko Kigoma tu. Hata ushinde kila pambano, mwenzako anasubiri ukajaze. Oktoba 2024 walijaribu kuhamishia kopo la kombora kwenye meli Chosin baharini, karibu na San Diego, kwa mtambo maalumu. Kopo lilikuwa tupu na lilikuwa moja. Lakini hilo ndilo badiliko lenyewe ulilouliza, Fundi. Watu wanaangalia leza, mimi naangalia winchi.

Leza wanazo pia. Waliiweka moja kwenye meli Ponce kule Ghuba mwaka 2014, Waingereza nao wana yao wanaiita DragonFire. Risasi yake ni umeme tu, shida ni ukungu, mvuke wa chumvi na umbali. Kwa sasa wamerudi kwenye vitu vya zamani: mizinga ya inchi 5, na ile bunduki ya mitutu inayozunguka ya Phalanx. Januari 2024 meli Gravely iliangusha kombora kwa Phalanx likiwa limebakiza kama maili moja. Maili moja baharini ni kitu cha kufumba na kufumbua. Nawaonea huruma waliokuwa chini kwenye injini, maana wale hawaoni chochote, wanasikia tu.

Mwalimu, nakuja kwako. Umbali umesema vizuri, na wao wamelichukulia hivyo hivyo. Wanatengeneza ndege isiyo na rubani, MQ-25, kazi yake kubwa ni kuzijazia nyingine mafuta angani ili meli ibaki nyuma. Halafu Marines wao, askari wa kushuka pwani, kuanzia 2020 waliacha vifaru vyao vyote. Vyote! Badala yake wakanunua vigari visivyo na dereva vinavyobeba makombora ya kupiga meli, vya kufichwa visiwani. Umeona walichofanya? Wameiga. Tajiri wa kupita amejifunza pia kuzuia. Na Agosti 2023 wakatangaza mpango wa Replicator, droni kwa maelfu, wakimwangalia Mchina.

Na Mchina? Yeye amekwenda kinyume. Mwaka 1996, kwenye mvutano wa Taiwan, Marekani ilileta makundi mawili ya meli za kubeba ndege, Mchina akabaki anaangalia. Kuanzia hapo akakazana na kuzuia: makombora, nyambizi, boti. Alipoona mlango wake umefungika vizuri, ndipo akaanza kutaka kupita kwenye milango ya wengine. Ana biashara dunia nzima, mafuta yake yanatoka mbali. Tangu mwisho wa 2008 meli zake zinalinda misafara Ghuba ya Aden, mwaka 2017 akafungua kambi Djibouti, sasa kwa idadi ya meli amempita Mmarekani. Meli yake ya tatu ya kubeba ndege, Fujian, inarusha ndege kwa umeme badala ya mvuke. Angekuwa anaamini meli kubwa imekufa angeijenga? Huyu ndiye aliyetengeneza kombora la kuziua.

Kuna kitu kidogo kinanichekesha. Ya kwanza kabisa, Liaoning, alinunua bodi yake kwa Ukraine 1998 kwa dola milioni 20, mnunuzi akidai anataka kuifanya kasino. Bodi ile iliundwa Mykolaiv. Moskva nayo iliundwa Mykolaiv. Mafundi wa mji mmoja, chombo kimoja kipo chini ya Bahari Nyeusi, kingine kimefundisha Wachina kazi. Mimi ningependa kuwakuta wale wazee wa Mykolaiv niwaulize wanajisikiaje.

Kasulu_Boy

Kumbe nilipokaa pembeni ndipo darasani.

MamaMigebuka, Ujiji

Shikamoo mzee. Mwalimu habari. Fundi unanidai elfu kumi na tano, nimekuona.

Mimi nauza migebuka na dagaa, sina neno na Wachina. Ila naona wanaume mmezunguka dunia yote. Huku kwetu watu wanatoka kuvua usiku, taa zinawaka, wanafuatwa na boti yenye mbio wasiyoijua, wananyang'anywa injini wanaachwa wanaelea. Mwezi uliopita wavuvi ninaochukua kwao wamepoteza injini mbili hivyo. Sasa hizo hesabu za kuzuia na kupita, mimi zinanisaidia nini? Na hiyo Bahari Nyekundu, mbona mwenye duka alinipandishia bei ya friza akasema ni vita? Friza lenyewe limetoka China, na China haipiti huko ikija Dar. Nilimwambia, akaniangalia tu.

MzeeWaGati

Marahaba mama. Wewe ndiye uliyeuliza swali la ubaharia.

Kwanza friza. Ulimshika pabaya, njia ya China kuja Dar haigusi Bahari Nyekundu. Ila si uongo mtupu. Meli za makontena za Asia na Ulaya zilipoanza kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema, safari moja ikaongezeka siku kumi na zaidi. Meli ile ile sasa inafanya safari chache kwa mwaka, makontena yanachelewa kurudi China kujazwa, kila mtu anagombea nafasi zilizobaki. Bei ikapanda hata kwa mizigo isiyopita huko. Ni kama magari ya Kasulu yakichukuliwa kwenda msibani, nauli ya Uvinza nayo inapanda. Mwenye duka alikuwa na sababu, ila naona alijiongezea na ya kwake juu.

Injini zilizoibwa. Hapa nitaongea kama mtu wa gati. Huyo mwizi anakushinda kwa kile kile kilichoishinda Kingani, ana mbio na anajua unakoangalia. Wavuvi wana taa, wanaonekana maili nyingi, yeye hana taa haonekani. Meli kubwa ya kivita ziwani haikusaidii, itasikika inakuja na mwizi atakuwa ameshafika upande wa pili. Unataka doria ya boti za mbio, rada juu ya kilima, na mtu wa kupokea simu saa nane usiku akaamka. Hilo la mwisho ndilo gumu kuliko rada. Nchi nne zinashirikiana ziwa moja, na mpaka wa majini hauna alama, kwa hiyo bila kupashana habari doria inamsindikiza tu mwizi mpaka mstarini.

Hata baharini, nchi kama yetu haijiulizi namna ya kumzamisha Mchina. Jeshi letu la Wanamaji kule Kigamboni lilifanya mazoezi naye pamoja na Msumbiji mwaka 2024, na Wamarekani nao huja kwa yao. Swali letu ni nani anavua kwenye maji yetu usiku na nani anapitisha dawa za kulevya. Ukishajua hilo, unanunua chombo kinacholingana nalo. Droni ya kuona inafaa. Kombora la kuzamisha meli ya mita 186, tutamrushia nani?

MwalimuTabora

Mzee nimekubali nusu. Nusu nyingine nabaki nayo: kama kombora likiwa rahisi zaidi na zaidi, hiyo bei ya kupita itafika mahali hata tajiri atashindwa, na hapo meli za mizigo zenyewe zitabaki bandarini. Sijasema imefika. Nasema ninaiona.

MzeeWaGati

Hiyo nusu baki nayo, mwalimu, hata mimi usiku huwa inanijia. Manowari zilizosindikiza mizigo Bahari Nyekundu zilikuwa nyingi, na bado makampuni mengi yaliendelea kuzunguka. Mwenye meli hakuangalia ni droni ngapi zimeanguka, aliangalia bima. Ukimtisha mtu wa bima umefunga bahari bila kuzamisha kitu.

FundiKibirizi

Wakuu nimeshukuru. Nimewasomea kijiweni, muuza kahawa mwenyewe amesikiliza mpaka akaunguza kahawa. Mwenzangu wa Gombe amekubali kwamba boti yake ya mamba haibebi dagaa, mimi nimekubali kwamba meli yangu kubwa haisogei palipo na makombora. Tumeamua tutalipa nusu kwa nusu. Mama Migebuka, ile elfu kumi na tano ikipatikana itaingia kwenye nusu yangu.

Mzee, la mwisho la kifundi. Ile grisi waliyopaka Götzen ilikuwa ya namna gani mpaka ikashika miaka minane?

MzeeWaGati

Nzito na nyingi, hicho ndicho walichosimulia wazee niliowakuta. Ila acha Götzen. Umesema una injini ya 40 juu ya meza, imezama juzi na hujaifungua. Ilipokuwa majini ilikuwa salama kuliko ilivyo sasa, kutu inaanza ikishaonja hewa. Toa plagi leo hii, igeuze maji yatoke, mimina oili kwenye silinda, zungusha kwa mkono mara kadhaa. Kahawa baadaye.

FundiKibirizi

Nimeshika spana mzee. Naweka simu chini.